Chombo cha Presha Hakifuati Kalenda

Hotuba hii ilitolewa hapa Lubumbashi mbele ya mafundi wa matengenezo, wakubwa wa viwanda na wanafunzi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale waliokuwa zamu. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wamama na wababa, wandugu mafundi, nanyi wanafunzi wa Polytechnique mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, jambo yenu wote!

Nashukuru kuwaona wengi hivi siku ya mapumziko. Wengine mmetoka Kipushi, wengine Likasi, na najua mnataka kurudi kabla ya giza, basi niingie moja kwa moja.

Kiwandani kwenu, nani anaamua chombo gani cha presha, tangi, boila au bomba, kifunguliwe kikaguliwe mwaka huu na kipi kiachwe? Msinijibu "shefu". Shefu naye anaamua kwa kutazama nini? Mara nyingi anatazama daftari: hiki kilifunguliwa miaka mitano iliyopita, basi zamu yake imefika, kile kilifunguliwa juzi, kitulie. Mimi leo nataka kuwaambia kwamba chuma hakisomi daftari. Chuma hakijui leo ni mwaka gani. Kinajua kimeguswa na nini, kwa joto gani, kwa kasi gani, mahali gani. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Lakini kwanza tukumbuke tunacheza na nini. Chukueni tangi la hewa la lita 500 lenye presha ya bar 10, lile linalokaa nyuma ya karakana nyingi za mjini, kakubwa kidogo kuliko lile la vijana wa kwado wanaojaza matairi. Nguvu iliyofungwa humo inakaribia ya gramu 150 za baruti ya TNT. Watu wanasema "ni upepo tu". Upepo tu! Maji ukiyabana hayapungui kwa kiasi cha kuonekana, ndiyo maana chombo kipya tunakijaribu kwa maji: kikishindwa, maji yanamwagika na shughuli inaishia hapo. Hewa na mvuke vinabanika, na vikipata ufa vinatanuka vyote kwa mara moja.

Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts huko Marekani, kulikuwa na kiwanda cha viatu chenye boila mbili, yaani mitungi ya kuchemshia maji yawe mvuke. Ile mpya ilikuwa imesimamishwa ifanyiwe kazi, wakawasha ile ya zamani ishike zamu. Asubuhi hiyo, wafanyakazi wakiwa tayari kwenye mashini zao, ile ya zamani ikapasuka, ikang'oka, ikatoboa jengo na kutoka nje. Ghorofa zikaanguka, moto ukashika. Watu 58 walikufa. Kutokana na msiba huo jimbo lile lilitunga sheria ya boila, na chama cha wahandisi wa mashini wa Marekani, ASME, kikatoa kanuni yake ya kwanza ya boila mwaka 1915. Kanuni hiyo, iliyofanyiwa marekebisho mengi, ndiyo mnayoikuta mpaka leo kwenye vibati vya vyombo vingi vinavyoingia Katanga.

Kwa hiyo tusiidharau kalenda. Kalenda ya ukaguzi imelipiwa kwa damu. Anayesimama mbele yenu na kusema "sisi tunafanya ukaguzi wa kisasa, tarehe hazina kazi" mwogopeni.

Sasa kalenda ina kasoro gani? Kasoro yake ni kwamba inagawa kwa usawa mahali pasipo na usawa. Mnamjua sentineli mwenye tochi moja, anayezunguka ua usiku kucha na kumulika kila hatua ya ukuta sawasawa. Upande wa barabarani ukuta ni mita tatu na juu una vioo. Upande wa nyuma umebomoka, mtu anaruka bila kuinua gauni. Tochi ni moja, betri ni hizo hizo. Je, huyo analinda au anatembea?

Fedha za ukaguzi ni betri hizo. Kusimamisha kiwanda siku moja ni gharama, kujenga jukwaa la kupandia ni gharama, kumlipa mtu wa ultrasoni, anayepima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, ni gharama. Na sehemu ndogo ya vyombo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya hatari ya kiwanda kizima. Kila mtu aliyekaa kwenye matengenezo analijua hilo kichwani, hata kama hajaliandika. Ukaguzi unaopangwa kwa kufuata hatari ni kuliandika tu, kulipima, na kupeleka tochi huko.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, ina mwongozo namba 580 unaoeleza namna ya kufanya hivyo, na namba 581 wenye mahesabu. Msitishike na namba. Moyo wake ni kwamba hatari ina pande mbili zinazozidishana: uwezekano wa chombo kushindwa, mara madhara kikishindwa. Unachora mraba, uwezekano upande mmoja, madhara upande mwingine, na kila chombo kinapata chumba chake. Bomba la asidi lililochakaa linalopita juu ya njia ya wafanyakazi linakwenda kona nyekundu, ya hatari kubwa. Tangi la hewa kavu lililo peke yake nyuma ya ukuta wa zege linakwenda kona ya kijani, ya hatari ndogo. Ndiyo yote? Karibu yote. Ugumu uko kwenye kujaza huo mraba bila kujidanganya.

Upande wa madhara ndio watu wanaujaza ovyo zaidi. Wanaandika tani zitakazopotea na saa za kusimama. Hebu sikilizeni habari ya kiwanda cha maboksi huko St. Louis, jimbo la Missouri. Walikuwa na tangi la maji ya moto yanayorudi kutoka kwenye mvuke. Mwaka 2012 kitako chake kililiwa na kutu, wakakitengeneza, lakini fundi alikata katikati tu na kuacha pete ya chuma cha zamani, kilichokwisha kuwa chembamba, kuzunguka ukingo. Miaka ikapita. Ijumaa ya tarehe 31 Machi 2017 wakaona linavuja. Fundi angekuja Jumatatu. Jumatatu asubuhi, tarehe 3 Aprili, wakawasha kama kawaida. Pete ile ikaachia, tangi likaruka kama roketi, likatoboa paa, likapaa hewani na kuangukia jengo la kampuni nyingine ng'ambo. Alikufa mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha maboksi, na watu watatu kwa jirani, watu waliokuwa ndio wanaanza kazi siku hiyo na kujaza karatasi zao.

Watu watatu ambao hawakujua hata kwamba tangi hilo lipo!

Sasa rudini nyumbani kwa akili. Viwanda vyetu hapa vimepakana na nani? Vingi vilijengwa porini, mji ukavifuata. Ukuta wa nyuma una nyumba zilizouegemea. Getini yuko mama wa mikate na mayai ya kuchemsha, na saa sita kuna foleni ya bukari. Kwenye safu yenu ya madhara, huyo mama yumo? Kama hayumo, mraba wenu ni wa uongo, hata uwe na rangi nzuri namna gani. Na kumbukeni, ukaguzi haupunguzi madhara hata kidogo. Umekagua, hujakagua, tangi likipasuka linaua wale wale. Madhara yanapunguzwa kwa kuhamisha watu, kuhamisha chombo, kupunguza kilichomo ndani, kujenga kinga. Ukikuta chombo kiko kwenye kona nyekundu kwa sababu ya waliokizunguka, msinunue kipima unene kingine. Mhamisheni mama sehemu nzuri, yenye kivuli na wateja, asije akarudi kesho yake.

Naingia sasa kwenye upande wa uwezekano, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi ya fundi ilipo.

Kabla ya kuuliza "tukague lini", ulizeni "hiki kitakufa kwa nini". Kila chombo kina ugonjwa wake, na kila ugonjwa una mahali pake. Tangi la hewa hufa kwa chini. Kwa nini? Kompresa inanyonya hewa yenye unyevu, maji yanajitenga, yanakaa tumboni kwenye kitako, na mtu wa zamu hafungui bomba la kutoa maji kwa sababu linamchafua viatu.

Niliwahi kuingia kiwanda kimoja, sitakitaja, kukagua tangi la hewa lililolala juu ya miguu miwili. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, linang'aa. Karatasi za vipimo zilikuwa kamili, za miaka sita, bila pengo. Tangi lilipojengwa chuma chake kilikuwa na unene wa milimita 12, na kwa presha yake halikutakiwa kushuka chini ya 7. Nikapaka jeli, nikaweka kichwa cha kipimo kwenye miduara iliyochorwa kwa rangi nyeupe: 11.4, 11.5, 11.4. Safi kabisa. Kisha nikatazama ile miduara. Yote ilikuwa kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Yote! Hakuna aliyeinama. Nikalala chali kwenye kokoto, nikasugua rangi pale kitakoni karibu na bomba la kutolea maji, nikapima. 9.0.

Chukueni kalamu, tupige hesabu. Ukishika kipimo cha kifuani, chuma kimepungua milimita 0.6 kwa miaka sita, yaani 0.1 kwa mwaka. Kimebakiwa na 4.4 mpaka kufika 7, hiyo ni miaka 44. Kanuni ya API namba 510 inasema ukaguzi wa ndani usipite nusu ya maisha yaliyobaki wala miaka 10, lile lililo fupi. Kwa hiyo unaandika miaka 10, unaweka sahihi, unakwenda kula. Ukishika kipimo cha kitakoni, chuma kimepungua milimita 3 kwa miaka sita, yaani 0.5 kwa mwaka. Kimebakiwa na 2, hiyo ni miaka minne, nusu yake miwili. Tangi moja, siku moja, kifaa kimoja. Huku miaka kumi, huku miwili. Nani kadanganya? Hakuna aliyedanganya. Walipima kwa uaminifu mahali ambapo mkono ulifika.

Sasa msitoke hapa mkisema "tumejifunza, tupime chini". Hapana! Bomba la asidi hufa kwingine. Mji huu na majirani zake wanaishi kwa asidi ya salfuriki. Shaba na kobalti yetu inayeyushwa kwa hiyo. Asidi kali, ya asilimia 98, chuma cha kawaida kinaivumilia vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kinajifunika ngozi nyembamba ya salfati. Ngozi hiyo ikibaki, chuma kinaishi. Ni nini kinachoichuna? Kasi, kwanza. Ndiyo maana viwiko, midomo ya pampu na mahali panapofuata vali zilizofunguliwa nusu ndipo panapoliwa. Maji, pili. Asidi ikichanganyika na maji inakuwa na njaa kuliko ile kali. Hewa ya msimu wa mvua inayoingia kwa bomba la kupumulia, au mtu aliyeosha bomba kwa maji kidogo na kuliacha na mabaki ndani, hao wawili wamemaliza mabomba mengi kuliko uzee. Na tatu, asidi iliyotulia inazaa mapovu ya haidrojeni, na mapovu hupanda juu. Yanatembea njia ile ile kila siku kwenye dari la bomba lililolala, yanachimba mfereji. Huko unapima juu. Ukipima chini kama kwenye tangi la hewa, utaandika "salama" na mfereji unaendelea juu ya kichwa chako.

Na mabomba ya mvuke na maji ya moto yaliyovikwa pamba ya kuzuia joto lisitoke, na bati juu yake? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui kama waliwahi kuona bomba, lakini hapa walilenga. Bati likifunguka mshono, au mtu akilikanyaga akipita, mvua ya mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne inaingia na kukaa kwenye pamba. Chuma cha kawaida kinacholala kati ya kama nyuzi 12 chini ya sifuri na nyuzi 175 za joto kiko kwenye hatari hiyo, na wale wanaopoa na kupata moto mara kwa mara ndio wanaoumia zaidi. Kwa nje bati linang'aa. Mnahitaji kuvua nguo, wandugu. Si zote, mtafute mahali bati limebonyea, mahali bomba linaposhuka na maji kukusanyika chini, mahali kishikizo kinapotoboa pamba.

Wazungu wenye fedha nao wameshindwa hapa, msifikiri ni shida ya wasio na vifaa. Tarehe 16 Aprili 2001, Jumatatu ya Pasaka, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Humber, Uingereza, kiwiko cha bomba la gesi kilipasuka, gesi ikashika moto, mlipuko mkubwa ukafuata. Kiwiko hicho kilikuwa karibu sana na mahali walipokuwa wakiingiza maji ndani ya bomba. Maji yale yalikula chuma pale pale yalipopiga. Kiwanda kilikuwa na mpango wa ukaguzi, kilikuwa na wakaguzi, kilikuwa na hifadhi ya takwimu. Lakini ile sehemu ya kuingizia maji haikuandikwa kwenye mpango kama mahali pa hatari, basi tochi haikufika. Hakuna aliyekufa, na mnajua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa sikukuu, watu walikuwa wachache. Hiyo ni bahati, na bahati haina safu kwenye mraba.

Mtaniuliza: nani anajua maji yanaingizwa wapi? Mtu wa uendeshaji anajua. Yule wa zamu ya usiku anajua kwamba saa tisa wanafungua vali fulani ambayo haimo kwenye mchoro. Kwa hiyo ukaguzi wa namna hii haufanywi na mkaguzi peke yake ofisini. Mketisheni mezani mtu wa uendeshaji, mtu wa mahesabu ya mitambo, fundi wa matengenezo, na mtu anayeelewa kutu. Mkikosa mmoja, yule wa uendeshaji asiwe ndiye.

Na jambo hili liniruhusu nilisemee kwa ukali kidogo. Kuna wakubwa wanaopenda sana mpango huu kwa sababu moja: wamesikia unaruhusu kusogeza tarehe. Ni kweli, unaruhusu. Chombo chenye hatari ndogo kinaweza kungoja. Lakini unasogeza tarehe kwa sababu umejua, hausogezi kwa sababu hujajua. Chombo kisicho na vipimo, kisicho na kibati cha maelezo yake, kilichonunuliwa cha mitumba na kufika hapa na makaratasi ya lugha isiyosomeka, hicho hakiingii kona ya kijani. Hicho kinapanda juu mpaka kijulikane. Kutokujua kwenyewe ni hatari, na ukaguzi kazi yake ni kukupunguzia huko kutokujua. Chuma hakirefuki maisha kwa kutazamwa.

Na kujua si kusoma karatasi ya aliyechora mtambo. Mwaka 2010, tarehe 2 Aprili, huko Anacortes, jimbo la Washington, kibadilisha joto kwenye kiwanda cha mafuta kilipasuka na kuua watu saba. Haidrojeni yenye joto kali ilikuwa imekila chuma kwa ndani kwa miaka, ikiacha nyufa. Wataalamu walikuwa wameangalia mchoro unaosema chuma hiki, kwa joto hili, kiko salama. Joto lipi? La kwenye karatasi za usanifu. Lile la kweli, pale chuma kilipoliwa, halikuwa likipimwa. Kwenu huko, boila inaendeshwa kwa presha iliyoandikwa au kwa ile ambayo shefu wa uzalishaji anaihitaji mwisho wa mwezi? Manometa, kile kipima presha, ilisahihishwa lini? Vali ya usalama, ile inayotoa presha ikizidi, je, au imefungwa waya kwa sababu "inasumbua"? Nikikuta waya kwenye vali ya usalama, mimi sifungui tena daftari la unene. Hapo hakuna cha kukagua. Hapo zimeni mtambo.

Kabla ya kikao, fundi mmoja wa karakana ndogo, naona amekaa pale karibu na dirisha, amenipa karatasi: "Sisi tuna kompresa mbili na boila moja, hatuna kipima unene, hatuna mhandisi. Tuanze wapi?"

Ndugu, mwanzo wenu ni rahisi kuliko wa kiwanda kikubwa. Andika vyombo vyote vitatu kwenye ukurasa mmoja, pamoja na bomba zinazotoka humo. Mbele ya kila kimoja andika kinashika nini, presha gani, joto gani, na nani anakaa ndani ya hatua hamsini, jirani na wateja wakiwemo. Kwa matangi ya hewa, kuanzia kesho maji yatolewe kila siku, na mtoaji aandike yametoka ya rangi gani. Yakitoka mekundu, kutu imeanza kazi ndani. Kwa boila, hatari yenu ya kwanza siyo kutu, ni maji kupungua moto ukiwaka. Kioo cha kiwango cha maji, na kizimio kinachozima moto maji yakipungua, vijaribiwe kila zamu kabla ya kitu kingine chochote. Na maji mnayoyaingiza yapimwe. Maji ya kisima yasiyotibiwa yanaacha magamba, na chuma kilichofunikwa magamba kinapata joto kisichoweza kulibeba. Kisha changeni na karakana mbili tatu za jirani, mlete mtu wa ultrasoni kwa siku moja kwa ajili yenu wote. Akija, msimwoneshe tangi na kumwachia achague mahali. Mwambieni: anza kitakoni, pale karibu na bomba la maji. Apewe gunia la kulalia.

Asanteni sana. Niko tayari kwa maswali. Tuanze na wale waliosimama, wamechoka.